Bei ya Samaki wa Chovae

 

Mada yetu leo ni uchumi, lakini naomba nianze na changu. Changu akivuliwa Chovae alfajiri ana thamani yake kamili palepale anaporukaruka ndani ya mashua. Kisiwa hicho cha Somalia, kusini mwa Kismayo, kiko chini kidogo tu ya mstari wa ikweta, na jua la kule mnalijua. Ikifika adhuhuri, kama hakupata barafu, thamani imeanza kuteremka. Jioni ni wa kukaangwa hapohapo. Na kama kusi imekaza na Kismayo hakuendeki, kesho yake atapasuliwa, atiwe chumvi, aanikwe awe ng'onda. Samaki ni yuleyule, jasho la mvuvi ni lilelile. Kilichompandisha au kumshusha ni mambo yaliyomzunguka: barafu, boti, mafuta ya mashine, mizani, simu, mtu wa kumtafutia mnunuzi, mtu wa kukopesha kabla ya safari.

Mambo hayo ndiyo wachumi wanayoyaita sekta ya huduma. Neno hilo likitajwa, wengi wetu huona hoteli ya vioo na benki yenye kiyoyozi, tukadhani halituhusu. Kumbe linamhusu mvuvi wa Chovae kuliko linavyomhusu mhudumu wa hoteli, kwa sababu kwake ndilo linaloamua kama usiku wake baharini ulikuwa kazi au hasara.

Tuitazame kwanza ile hadithi kubwa inayosimuliwa kuhusu nchi zinazoinukia. Mwaka 1940 mchumi Colin Clark alieneza wazo la kuzigawa kazi za watu katika mafungu matatu: kwanza kilimo, ufugaji na uvuvi, halafu viwanda, mwisho huduma. Nchi ikitajirika, alisema, watu wake huhama fungu la kwanza wakaingia la pili, kisha wakaingia la tatu. Uingereza ilipita njia hiyo, Japani ikaipita, Korea ya Kusini nayo. Kwa miaka mingi ikaaminika kwamba asiyepitia kiwandani hafiki.

Kisha ikaja India. Vijana wa Bangalore wakauza utaalamu wa kompyuta kwa makampuni ya Marekani bila kusafirisha kontena hata moja. Ufilipino ikajaza majengo ya watu wanaopokea simu za wateja walio ng'ambo ya bahari. Na hapa jirani, Kenya, zaidi ya nusu ya pato la taifa hutoka kwenye huduma: biashara, uchukuzi, mabenki, simu, utalii. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, wakubwa wa dunia walikuja Nairobi kujifunza. Likazaliwa wazo jipya, kwamba yawezekana kukiruka kiwanda.

Mchumi Dani Rodrik wa Harvard haamini kwamba kuruka huko ni kwepesi hivyo, nami namuunga mkono. Kiwanda cha nguo, anasema, humchukua kijana aliyetoka shamba leo, kikamfundisha kazi kwa wiki chache, akaanza kuzalisha zaidi ya alivyozalisha kijijini. Tena humchukua yeye na maelfu wenzake. Huduma zenye faida nono, kama benki na kompyuta, huchukua wachache waliosoma. Zinazochukua umati, kama uchuuzi wa barabarani na bodaboda, haziwatajirishi. Kwa hiyo takwimu za huduma zinaweza kupanda kila mwaka, na huku mtaani kijana anauza vocha kwenye mwavuli mmoja miaka 10.

Sasa Somalia yetu. Ukitaka kujua huduma zinaweza kufanya nini peke yao, bila serikali, bila kiwanda, bila hata Benki Kuu, hutapata darasa kubwa kuliko hili. Januari 1991 Rais Siad Barre alikimbia Mogadishu. Benki Kuu ikaporwa, mabenki yakafa, noti za kuaminika zikakoma kuchapwa. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuja kukadiria baadaye kwamba shilingi 98 katika kila 100 zilizokuwa mikononi mwa watu ni za kughushi. Kwa hesabu za vitabuni, nchi ilipaswa kusimama kabisa.

Haikusimama, na iliyoibeba ni hawala. Mnajua inavyokwenda: ndugu aliyeko London anampa wakala pauni zake, wakala anapiga simu au anaandika ujumbe, na mama yake Kismayo anapokea dola. Fedha yenyewe haikusafiri. Mawakala hulipana wao kwa wao baadaye, mara nyingi kupitia Dubai na kupitia bidhaa. Utaratibu mzima umesimama juu ya uaminifu na ukoo. Katika nchi ambayo wengine walisema imekufa, watu waliendelea kupokea fedha kutoka nje zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka, wakalipa karo, wakanunua mchele, wakajenga.

Juu ya hawala zikaja simu. Kampuni ya simu ya Hormuud ilianzishwa Mogadishu mwaka 2002, na mwaka 2011 ikaanzisha EVC Plus, pesa ya simu, tena kwa dola za Marekani. Benki ya Dunia ilipochunguza mwaka 2017 ilikuta takriban watu wazima 7 katika kila 10 wanatumia pesa ya simu, na kila mwezi miamala ipatayo milioni 155, yenye thamani ya dola bilioni 2.7. Muuza chai analipwa kwa simu. Msikiti unachangiwa kwa simu. Na hayo yote yalitangulia leseni: Benki Kuu ya Somalia ilitoa ya kwanza ya pesa ya simu mwaka 2021, wakati huduma yenyewe ilikuwa imekwisha kukua na kuota ndevu.

Wapo wanaosikia habari hizi wakapiga makofi: mnaona, soko halihitaji serikali! Mimi hapo natoka kwenye msafara. Tazama siku zile huduma hizi zilipokatika, kisha uangalie nani aliyekata.

Tarehe 7 Novemba 2001 Marekani ilifunga ofisi za Al-Barakaat na kuzuia fedha zake kwa tuhuma za ugaidi. Ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote za hawala za Kisomali, na iliendesha simu pia. Mama aliyekuwa akisubiri dola 100 za mwezi hakuambiwa lolote. Mwaka 2013 benki ya Barclays ya Uingereza ilitaka kufunga akaunti za makampuni ya hawala, na mojawapo, Dahabshiil, ikaenda mahakamani kupigania yake. Februari 2015 benki iliyokuwa ikibeba sehemu kubwa ya fedha za Wasomali wa Marekani ilizifunga akaunti za makampuni ya hawala. Aprili mwaka huohuo, baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya ilisimamisha makampuni 13 ya hawala kwa wiki kadhaa. Na Juni 2017 hapakuhitajika hata uamuzi wa mtu: meli ya makontena iliburuta nanga, ikakata mkongo wa chini ya bahari, na Mogadishu na kusini ya nchi zikakaa bila intaneti ya maana kwa zaidi ya wiki tatu. Waziri wa mawasiliano alisema hasara ni kama dola milioni 10 kwa siku.

Kila mara, mwenye mkasi alikuwa mbali na mwenye njaa. Ndiyo maana sifa za ukuaji huu nazipokea nusu. Huduma ya kupitisha fedha imekua sana, ila fedha yenyewe ilizalishwa na ndugu anayeosha vyombo Minneapolis au anayeendesha teksi London. Siku mwanawe aliyezaliwa kule atakapoona kwamba Kismayo ni jina tu alilolisikia kwa baba, bomba lile litapungua maji. Tujiulize basi kama huku nyumbani kuna kazi ambayo huduma zinaiongezea thamani.

Ipo. Na sisi Wabajuni, watu wa visiwa hivi na pwani yake, tulikuwa mabingwa wake kabla hatujaambiwa kwamba ni sekta.

Watu hutuandika kama wavuvi tu. Ni kweli tulivua, na hata mbinu ya kumfunga kamba samaki aitwaye taza ili amshike kasa, wageni waliandika kuihusu kwa mshangao. Lakini mapato ya visiwa hivi, Koyama, Ngumi, Chovae, Chula, hayakuwa ya ndoana na wavu peke yake. Yalikuwa ya uchukuzi. Wabajuni waliunda mitepe, vile vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba bila msumari, na wakasafirisha mali za watu kutoka Banadir hadi Unguja. Mitepe ilipoisha wakaingia mashua na majahazi: boriti za mikoko, nafaka, chumvi, ng'onda, abiria. Nahodha alikuwa anauza kitu kisichoshikika. Anajua kaskazi huanza lini kuyumba, anajua mlango gani kati ya visiwa unapitika maji yakiwa mafu na upi unahitaji bamvua, anajua nani bandari ya mbele atapokea shehena bila maneno. Hiyo ni huduma, tena ya kitaalamu. Ingekuwa leo ingeitwa usimamizi wa usafirishaji na mtu akafundishwa miaka minne.

Uchukuzi ule ulipigwa mara nyingi, si mara moja. Malori yalichukua sehemu yake. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje, na shehena moja kubwa ya majahazi ya pwani hii ikaondoka. Ila pigo lililovunja mgongo ni 1991. Wenye bunduki walipokuja visiwani na mitaa ya Kismayo walichukua nyumba, na walichukua vyombo: mashua, mashine, nyavu. Watu wakapakiana katika vilivyobaki, wakaelekea Kiunga na Lamu, wengi wakaishia kambi ya wakimbizi ya Jomvu, Mombasa. Ukimnyang'anya mkulima jembe, ardhi inabaki. Nahodha asiye na chombo hana alichobakiwa nacho ila kumbukumbu, na kumbukumbu hakuna anayeikodi.

Hapa nataka nikae kidogo, maana pana jambo linaloniuma. Nimewataja Wafilipino na simu zao. Biashara yao nyingine ni ubaharia. Meli za dunia zimejaa Wafilipino, kutoka mpishi hadi nahodha, na mishahara wanayotuma nyumbani ni nguzo ya uchumi wa nchi yao. Visiwa kwa visiwa, bahari kwa bahari, wana nini kutushinda? Wana cheti. Tangu mkataba wa kimataifa wa 1978 kuhusu mafunzo ya mabaharia, mtu hapandi meli ya kigeni kama baharia bila karatasi inayotambuliwa. Serikali yao ilizisimamia karatasi, ikazifanya ziaminike Rotterdam na Singapore. Kijana wa Chovae aliyezaliwa juu ya maji, anayesoma upepo kama wewe unavyosoma gazeti, akifika Mombasa ni kibarua wa kupakia magunia. Ujuzi anao. Kilichokosekana ni dola la kumwandikia kwamba anao.

Na hapo ndipo wanaosema huduma hazihitaji serikali wanaponyamaza. Hawala inaweza kusimama juu ya ukoo. Cheti cha ubaharia hakiwezi. Bima ya chombo haiwezi, kwa kuwa mwenye bima atataka kujua mahakama ipi itamsikiliza. Taa ya kuongozea meli haiwezi, maana hakuna wa kumtoza anayeiona. Somalia ilikubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Novemba 2023 na ikakamilisha kuingia Machi 2024. Nimesikia hotuba nyingi juu ya jambo hilo, bendera na nyimbo. Mimi nasubiri kusikia neno moja la maana: je, kijana wa visiwani ataweza kuingia chuo cha ubaharia Mombasa au Dar es Salaam, atoke na cheti, apande meli? Itifaki ya soko la pamoja la jumuiya hiyo inataja wazi biashara ya huduma na uhuru wa wafanyakazi kuhama. Karatasi ipo. Lakini Ras Kamboni na Kiunga ni majirani, mpaka tu ndio uko kati, na kuvuka kwa halali bado ni shughuli.

Turudi kwa changu wetu, joto linapanda.

Kuna utafiti uliokuja kujulikana sana, wa Robert Jensen, kuhusu wavuvi wa dagaa wa Kerala, kusini mwa India. Simu za mkononi zilifika pwani ile kati ya 1997 na 2001. Kabla yake, mvuvi alirudi ufukwe wake na kukuta ama bei nzuri ama samaki wamejaa hadi wanamwagwa, huku ufukwe wa jirani watu wanatafuta samaki hawaoni. Simu zilipokuja, mvuvi akiwa bado baharini anauliza bei pwani mbalimbali, anageuza usukani. Samaki wa kumwagwa wakaisha. Faida ya wavuvi ikapanda kama asilimia 8, na bei kwa mlaji ikashuka kama asilimia 4. Wote wawili walipata, kwa huduma moja, bila samaki hata mmoja kuongezeka.

Utafiti huu unapendwa sana na wauzaji wa simu, na si uongo. Lakini upeleke Chovae uone. Mvuvi wa Kerala alikuwa na pwani nyingi za kuchagua na mashine ya kumfikisha. Mvuvi wetu ana Kismayo. Akiambiwa kwa simu kwamba bei Lamu ni mara mbili, mpaka uko kati. Akiambiwa Mogadishu ni mara tatu, hana barafu ya kufika huko. Na hata Kismayo hauzi kwa amtakaye, kwa sababu kabla hajatoka alichukua mafuta, wavu na pesa ya matumizi ya nyumbani kwa tajiri, na sharti la kale la pwani hii linajulikana toka Lamu hadi Kilwa: samaki wako ni wa aliyekukopesha, kwa bei aitakayo yeye. Hapo simu inamwambia tu anaibiwa kiasi gani.

Simlaani tajiri. Yeye ndiye benki, ndiye bima, ndiye duka la vipuri, ndiye chumba cha barafu. Mvuvi akipata mkasa baharini, wa kwanza kugongewa mlango ni yeye. Katika pwani isiyo na taasisi, amezibeba zote begani. Tatizo ni kwamba huduma zote zikiwa za mtu mmoja, hakuna bei. Kuna fadhila, na fadhila hulipwa kwa samaki.

Linganisha na wageni. Desemba 2018 serikali ya Somalia ilikiuzia chama cha wavuvi wa China leseni 31 za kuvua jodari mbali na pwani, kwa zaidi kidogo ya dola milioni moja. Watu walikasirika kwamba samaki wetu wameuzwa. Mimi niliziangalia meli zenyewe nikaona jambo jingine. Meli ya namna ile ni sekta ya huduma inayoelea: ina majokofu, fundi, redio, daftari la mizani, bima, na mnunuzi aliyekwisha kupatikana kabla nanga haijang'olewa. Jodari hasubiri barafu kutoka kwa mtu. Kati ya meli ile na mashua ya Chovae tofauti kubwa haiko katika wavu. Iko katika yale yanayomngoja samaki baada ya wavu.

Kwa hiyo wakija tena wataalamu Kismayo, na watakuja, na semina itafunguliwa kwa dua na kufungwa kwa picha ya pamoja, wakawaambia wavuvi waongeze uvuvi, waulizwe: ili samaki awe wa nani? Samaki wa pili bila barafu ni ng'onda wa pili tu. Wakisema wataleta mtambo mkubwa wa barafu, waulizwe nani atalipia umeme mwezi wa saba, wafadhili wakisha kuondoka, maana pwani ya Afrika Mashariki haikosi mitambo ya barafu iliyogeuka mabanda ya kuku.

Kama ningeulizwa mimi, ningeanza na mizani. Wazee wa Chovae na Chula wachange wanunue mizani yao, waiweke pale samaki wanaposhushwa, na wachague kijana mmoja anayejua kuandika, alipwe kwa kila kilo. Kila anayeshusha apimiwe, uzito uandikwe kwenye daftari, jina na tarehe, kabla mkono wa tajiri haujagusa kikapu. Haihitaji umeme, haihitaji waziri, haihitaji mkongo wa chini ya bahari. Baada ya misimu miwili mvuvi atakuwa na kitu ambacho babu yake aliyevuka bahari hakuwahi kuwa nacho: maandishi yanayoonyesha ameleta kilo ngapi kwa mwaka. Kwa maandishi hayo anaweza kumwendea mkopeshaji wa pili. Tajiri wa kwanza akijua yupo wa pili, atakuja mwenyewe kuzungumza bei.